Alama 1400 zilizofichwa: kisa cha Dartmouth na mtihani wa SAT

Tangu mwaka 2020, kwa miaka minne mfululizo ya udahili, vijana walioomba kusoma Dartmouth, chuo kikuu cha Marekani, waliambiwa kwamba kutuma alama za SAT, mtihani wa kuombea vyuo, ni hiari yao. Chuo kilipokuja kuchunguza baadaye, kikagundua kwamba mamia ya waombaji kutoka familia zisizo na uwezo walikuwa na alama ambazo zingewasaidia kupata nafasi, lakini hawakuzituma. Hakuna aliyewakataza. Walizitazama, wakaziona ndogo, wakaamua kuzificha.

Kisa hiki nimekichagua kwa sababu waliopoteza ndio hasa waliokusudiwa kusaidiwa. Na miongoni mwa vijana wa namna hiyo nchini Marekani wamo watoto wengi wanaoongea Kiswahili nyumbani, ambao wazazi wao walitoka Kongo au Burundi, wakakaa kambini Kigoma, kisha wakapelekwa kuanza maisha upya katika miji ambayo hawakuwahi kuisikia.

Dartmouth iko Hanover, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire. Ilianzishwa mwaka 1769 na ni kimoja cha vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe na maarufu vya Marekani. Katika kila waombaji 100, wanaopata nafasi hawafiki 7. SAT ni mtihani wenye sehemu mbili, ya kusoma na kuandika na ya hisabati, kila moja ikiwa na alama 200 hadi 800. Kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 1600. Mtihani huu umekuwapo tangu mwaka 1926, na leo unafanywa kwenye kompyuta kwa muda unaozidi saa mbili kidogo.

Juni 2020, korona ikiwa imefunga vituo vya mitihani, Dartmouth ilisimamisha sharti la kutuma alama. Ilikuwa hatua ya lazima, kwa kuwa huwezi kumdai kijana matokeo ya mtihani uliofutwa. Lakini korona ilikuta hoja nyingine tayari iko mezani. Kwa miaka mingi wapo waliosema SAT hupima mfuko wa mzazi kuliko akili ya mtoto, maana mwenye fedha humlipia mwanawe mwalimu wa ziada na kumfanyisha mtihani mara tatu. Chuo cha Bowdoin, jirani katika jimbo la Maine, kilikuwa kimeacha kudai alama tangu 1969. Basi vyuo vingi vilipobadili sera mwaka 2020, watu wengi walifurahi kwa nia njema kabisa. Walidhani mlango umepanuliwa kwa mtoto wa maskini.

Kilichotokea baadaye kinahitaji kuangaliwa kwa karibu, na njia nzuri ni kumfuata mwombaji mmoja. Nitamtumia binti wa mfano, si mtu halisi. Wazazi wake walitoka Bukavu, wakaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kadhaa, kisha familia ikapokelewa Marekani. Baba anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mama anasafisha vyumba hotelini. Binti anasoma sekondari ya umma ambako wastani wa SAT ni 1000. Yeye amepata 1420.

Anakaa kwenye kompyuta ya maktaba kujaza fomu ya Common App, ile fomu moja inayopelekwa vyuo vingi kwa pamoja. Anafika ukurasa wa mitihani na kuulizwa kama angependa kuandika alama zake: ndiyo au hapana. Kabla ya kujibu, anafungua ukurasa mwingine kuangalia alama za wanafunzi waliopokelewa mwaka uliotangulia. Anakuta nusu ya katikati yao inaanzia karibu 1500 kwenda juu. Anatazama 1420 yake. Hana dada aliyewahi kupita njia hii. Mshauri wa shule ana wanafunzi mamia wa kuwahudumia, na baba yuko kazini. Anabonyeza hapana.

Kwa alichokuwa anakijua, uamuzi wake ulikuwa wa busara. Shida ni kwamba namba alizosoma zilikuwa zimepinda. Alama zikiwa hiari, wanaozituma ni wale wenye alama za juu, kwa hiyo kiwango kinachotangazwa hupanda bila wanafunzi kuwa wamebadilika. Mwaka unaofuata, mwenye 1470 anajiona yuko chini ya kiwango, naye anaficha, na kiwango kinapanda tena. Kila mwaka hofu inawafikia watu wenye alama nzuri zaidi.

Sasa twende upande wa pili wa meza. Afisa udahili kule Hanover anafungua faili la binti huyu. Anakuta matokeo ya shule yenye A nyingi, barua mbili za walimu, insha na wasifu wa shule. Kama shule haijawahi kutuma mwombaji Dartmouth, afisa hajui A ya shule hiyo ina uzito gani. Je, huyu ataliweza somo la kalkulasi mwezi wa Septemba? Faili halina jibu. Lakini wasifu wa shule, karatasi inayoandaliwa na shule yenyewe, unaonyesha wastani wa SAT ni 1000. Kama ile 1420 ingekuwapo, afisa angeona kijana aliyewapita wenzake kwa alama 420 bila mwalimu wa kulipwa. Katika ofisi zile, huyo ni mwombaji wa kusimama na kumtetea kwenye kikao.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Mwombaji anailinganisha alama yake na alama za waliopokelewa chuoni, ilhali afisa udahili anailinganisha na shule ya mwombaji. Namba ni ileile, vipimo ni viwili, na mmoja wa wasomaji hao hajui kwamba mwenzake ana kipimo tofauti.

Mtoto wa tajiri analijua hilo, kwa sababu wazazi wake wamelipia mshauri binafsi anayemwambia chuo gani atume na chuo gani afiche. Sera ya hiari ilionekana kama zawadi sawa kwa wote, lakini ilikuwa mchezo wenye kanuni zisizoandikwa, na aliyezaliwa karibu na wanaozijua ndiye aliyeucheza vizuri. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika kisa hiki.

Sian Leah Beilock alishika urais wa Dartmouth mwaka 2023, mwanamke wa kwanza kukiongoza chuo hicho. Yeye ni mwanasayansi wa akili aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu hodari huvurunda wanapokuwa chini ya shinikizo, ukiwamo wasiwasi wa hisabati na mitihani. Si mtu wa kudhani kwamba mtihani hauna madhara. Aliwaomba maprofesa wanne wa chuo chake wachunguze suala la alama: wachumi Elizabeth Cascio, Bruce Sacerdote na Douglas Staiger, pamoja na Michele Tine, mtaalamu wa elimu. Ripoti yao ilitoka mwishoni mwa Januari 2024. Tarehe 5 Februari chuo kikatangaza kwamba sharti linarudi.

Walichokuta ni hiki. Kwanza, katika Dartmouth, SAT peke yake inaeleza takriban asilimia 22 ya tofauti za matokeo ya masomo kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huku matokeo ya sekondari peke yake yakieleza takriban asilimia 9. Utabiri huo ulifanya kazi kwa kiwango kilekile kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kikubwa na kidogo. Asilimia 22 bado inaacha sehemu kubwa ya maisha ya mwanafunzi bila kuelezwa, na yeyote anayedai kwamba SAT inaona kila kitu anatia chumvi. Lakini kwa ofisi yenye faili zaidi ya 30,000 na nafasi chache, ni taarifa ambayo ni vigumu kuitupa.

Pili, watafiti walipata alama za baadhi ya waombaji ambao hawakuzituma, baada ya maamuzi ya udahili kuwa yamekwisha kufanyika. Hapo ndipo wale wenye 1400 na kitu wakajitokeza. Katika chapisho la kitaaluma lililofuata Januari 2025, Sacerdote, Staiger na Tine walitoa hesabu iliyonishtua: waombaji wenye uwezo mkubwa kutoka mazingira duni walikuwa na nafasi ya asilimia 2.9 ya kupokelewa bila kutuma alama, na asilimia 10.2 walipozituma. Katika vijana 100 wa aina hiyo, walioficha waliingia kama 3, waliotuma wakaingia 10. Chuo kilekile, mazingira yaleyale.

Hesabu hiyo isomwe kwa uangalifu. Waliotuma na walioficha hawakugawanywa kwa kura. Inawezekana aliyetuma alikuwa na mwalimu mzuri aliyemsukuma, na mwalimu huyohuyo akamwandikia barua nzuri zaidi. Sehemu ya pengo inaweza kutoka huko. Siamini kwamba pengo lote linatoka huko, kwa sababu njia ambayo alama inamsaidia kijana inaeleweka, na maafisa wenyewe wanaieleza hivyohivyo. Ila mtu asiichukue 10.2 kama ahadi.

Upo pia ukomo mwingine. Hiki ni chuo kimoja chenye wanafunzi wa shahada ya kwanza kama 4,400, kinachoweza kusoma kila faili kwa makini na kuweka alama katika muktadha. Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi tisa zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza, kilichukua njia ya kinyume kabisa: hakiangalii SAT hata ukiituma. Ukipeleka hitimisho la Hanover huko bila kuangalia namna faili zinavyosomwa, utakosea.

Na hoja ya fedha? Hiyo haijafa, wala haipaswi kufa. Watafiti wa Opportunity Insights, kundi la utafiti lililoko Harvard, walionyesha mwaka 2023 kwamba watoto wa familia za asilimia 1 ya juu kwa kipato wana uwezekano mara 13 zaidi ya watoto wa familia za chini kupata 1300 au zaidi. Huo ni ukuta. Lakini mwaka huohuo Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha jambo jingine kuhusu vyuo 12 vya juu zaidi: hata alama za SAT zikiwa sawa, mtoto wa asilimia 1 ya juu alikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupokelewa kuliko mtoto wa tabaka la kati. Faida hiyo ilitokana na mzazi kuwa mhitimu wa chuo hicho, na kuchaguliwa na chuo kwa ajili ya michezo, na sifa zisizo za darasani. Ukiondoa alama kwenye faili, haviondoki vitu hivyo. Insha iliyonyooshwa na mshauri wa kulipwa inabaki, safari ya kujitolea iliyolipiwa na baba inabaki, piano na mashua zinabaki. Kilichoondoka ni kitu pekee ambacho binti wa Nyarugusu angeweza kukiweka mezani bila kumnunua mtu.

Kwa hiyo nakubaliana na uamuzi wa Februari 2024. Wapo wanaosema ingetosha kuwaeleza waombaji: tuma alama yako kama iko juu ya wastani wa shule yako. Ushauri huo ni sahihi, na ningependa kila mshauri wa shule aubandike ukutani. Ila tangazo kwenye tovuti ya chuo humfikia anayejua kulitafuta. Binti yule alikuwa na ukurasa wa namba mbele yake, na namba zile zilimtisha kuliko sentensi yoyote ya kumtia moyo ingeweza kumtuliza. Alama ikiwa lazima, haulizwi tena kubahatisha.

Gharama ya sharti ipo. Maombi ya Dartmouth yalishuka kutoka zaidi ya 31,000 hadi takriban 28,000 mwaka wa kwanza wa sharti kurudi, na siwezi kuamini kwamba wote waliokaa pembeni hawakuwa na sifa. Kati yao lazima yumo kijana aliyeishi mbali na kituo, au aliyeshindwa kuacha zamu ya Jumamosi kazini. Ndani ya Marekani mwanafunzi wa kipato cha chini anapata msamaha wa ada: mitihani miwili bure na kutumiwa alama bila malipo. Fomu ya msamaha hupitia kwa mshauri wa shule, na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kwenda shuleni kuuliza. Mtoto asisubiri aitwe.

Baada ya Dartmouth wengine walifuata upesi. Yale ilitangaza mwezi huohuo, ikiruhusu pia matokeo ya AP (mitihani ya masomo ya kiwango cha chuo) au IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) badala ya SAT. Brown ikafuata Machi 2024, Harvard na Caltech Aprili, kisha Cornell na Stanford. MIT ilikuwa imewatangulia wote, Machi 2022, ikisema wazi kwamba hisabati ya mwaka wake wa kwanza haina huruma. Columbia, mwaka 2023, iliamua kubaki na hiari. Kwa mwombaji maana yake ni moja: asome kanuni ya kila chuo kwa mwaka wake mwenyewe, asitegemee alichosimuliwa na binamu aliyeomba mwaka 2021.

Wanaoomba kutoka Afrika Mashariki wana kanuni yao. Dartmouth inawadai SAT, au ACT ambao ni mtihani mwingine wa aina hiyo, waombaji wa shule za Marekani. Aliye shule ya nje anaweza kutuma SAT au ACT, au mitihani mitatu ya AP, au matokeo ya IB au A-level, yawe ya mwisho au ya makadirio, au mtihani wa taifa unaolingana na hiyo. Tena tangu 2022 chuo hicho hakiangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji wa nje wakati wa kuamua kumpokea, jambo ambalo ni vyuo vichache sana Marekani vinalifanya. Kwa kijana wa Tandale au Kakamega, hilo lina uzito kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Kikwazo kiko kwenye kalenda. Waombaji wa awali wanatakiwa wakamilishe tarehe 1 Novemba, na wa kawaida mwanzoni mwa Januari. Kidato cha sita Tanzania hufanya mtihani Mei na kupata matokeo Julai. Kwa hiyo anayeomba akiwa bado darasani hana matokeo ya mtihani huo, ACSEE, ya kuonyesha, na NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, haitoi makadirio kama wafanyavyo walimu wa A-level za Uingereza. Wengi huomba baada ya kumaliza, matokeo yakiwa mkononi, na nadhani ni sawa. Mwaka mmoja wa kusubiri si hasara. Anayetaka kuomba mapema ajiandae kwa SAT, na hapo mwanafunzi wa tahasusi za HGL au HKL, zisizo na hisabati, ajue kwamba ameacha hisabati tangu kidato cha nne na atahitaji miezi ya kuirudia. Si hisabati ngumu kuliko ya kidato cha nne kwa kiasi kikubwa, ila inafutika haraka. Kenya, mpango wa KenSAP umekuwa ukiwaandaa wanafunzi bora kwa safari hii tangu 2004, mtihani wa SAT ukiwamo, na waliopita mikononi mwake wamesoma katika vyuo vya kiwango hiki.

Vituo vya SAT katika nchi zetu ni vichache, vingi viko katika shule za kimataifa mijini, na nafasi hujaa mapema. Ada ni kubwa kuliko inayolipwa na mwanafunzi aliye Marekani, na msamaha ule haumhusu raia wa kigeni aliye nje. Siku ya mtihani hutakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ndiyo salama zaidi, kwa hiyo kijana aanze kuishughulikia pasipoti kabla ya kujisajili.

Lipo na suala la majina, linalowasumbua watu wetu kuliko wengine. Kwenye cheti cha kidato cha nne mtu anaitwa kwa majina matatu, jina la baba likiwa katikati na la babu mwisho. Kwenye pasipoti mpangilio umegeuka, au jina moja limeachwa. Akijisajili SAT kwa jina moja na kujaza Common App kwa jingine, kompyuta ya chuo inaweza kuona watu wawili, na alama ikabaki bila faili. Aamue tangu siku ya kwanza kutumia majina ya pasipoti, yakiwa yameandikwa vilevile kila mahali, na amwombe mwalimu mkuu ataje katika barua yake majina yaliyo kwenye cheti.

Kutuma kwenyewe si kugumu. Dartmouth inapokea alama ambazo mwombaji ameziandika mwenyewe kwenye fomu, na ripoti rasmi hudaiwa baada ya kupokelewa na kukubali nafasi. Hilo linamwokolea mtu ada ya kutuma ripoti kwa kila chuo. Akiwa amefanya SAT mara mbili, chuo kinachukua alama bora ya kila sehemu, kwa hiyo hisabati ya Oktoba inaweza kuunganishwa na usomaji wa Mei.

Kwa mwanafunzi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hesabu ni ngumu kidogo zaidi. Mtihani wake ni Novemba na matokeo hutoka Januari, mara nyingi baada ya mlango wa maombi kufungwa. Akitaka kuomba mwaka huohuo, SAT iliyofanywa kabla ya mtihani wa taifa ndiyo itakayosimama badala ya KCSE. Asipokuwa nayo, aombe mzunguko unaofuata.